Tableti za waifai tupu, hazina pa kuweka laini: apu ipate wapi lokesheni?

pampu_na_kodi

Wakuu habari za humu. Nina jambo limenikosesha usingizi wiki ya pili sasa, naombeni mwenye uzoefu anishike mkono.

Nina apu ya ukaguzi wa visima. Mkaguzi anafika kwenye kisima, anapiga picha, anajaza fomu, anabonyeza kitufe cha kuweka mahali, apu inachukua latitudo na longitudo inahifadhi, akirudi kwenye intaneti ndo inatuma kwenye seva. Kwenye simu imepiga kazi mwaka mzima haijawahi kunisumbua. Sasa ikaamuliwa wakaguzi waache kutumia simu zao binafsi wapewe tableti, kioo kikubwa, chaji inakaa, kila kitu safi, ila ni zile za waifai tupu na mimi nimekuja kuambiwa zimeshanunuliwa tayari.

Ziko za Android aina mbili na iPad chache. Ofisini zote zinaonyesha mahali vizuri kabisa, nukta inakaa juu ya paa letu, nikaridhika nikaziachia ziende. Huko visimani sasa: Android ya kwanza inazunguka dakika nzima, saa nyingine mbili, halafu inapata. Android ya pili inarudisha null, yaani tupu. iPad ndo zimenitisha zaidi maana hazikulalamika chochote, zimepokea kila kitu, jioni nafungua ramani nakuta visima 14 vya siku ile vyote vimekaa juu ya paa la ofisi, nukta juu ya nukta, na kila kimoja kina picha yake na fomu yake imejazwa vizuri tu.

Kodi yangu (code ya programu) ya kawaida: Android naomba ruhusa ya ACCESS_FINE_LOCATION halafu naita getLastLocation, iPad nasoma location ya CLLocationManager, ile sehemu ya mfumo wa Apple inayotoa mahali, basi. Naomba kujua, tableti ya waifai tupu ina GPS au haina? Naweza kujua ndani ya kodi? Na kama haina, mtu akiwa kisimani ambako hakuna hata waifai moja nifanyeje?

mzee_wa_laini

Haina laini haina GPS mkuu, ndo zilivyo. Zirudisheni mchukue za laini, hakuna dawa nyingine.

nukta_bluu

Hapo juu mkuu umesema nusu, na hiyo nusu ndo inawaponza watu wengi.

GPS na laini ni vitu viwili tofauti. GPS haihitaji laini wala bando wala intaneti, chipu inasikiliza tu setilaiti zilizoko juu kama kilomita 20,200 vile redio inavyosikiliza stesheni, haitumi kitu kwenda juu. Kilichowachanganya watu ni iPad, kwa sababu kule kweli ndivyo ilivyo: iPad ya waifai tupu haina chipu ya GPS, inayoingia laini ndo inayo. Android hakuna sheria hiyo. Kuna watengenezaji wanaiweka GPS hata kwenye tableti isiyo na laini na kuna wanaoitoa, kwa hiyo aina yako ya kwanza inayo, ya pili nahisi haina. Usikisie, uliza kifaa chenyewe: hasSystemFeature ya "android.hardware.location.gps" inakujibu ndiyo au hapana. Na kwenye manifesti, faili la maelezo ya apu, itangaze hiyo sifa kwa uses-feature lakini required iwe false, usije ukazifungia nje zile zisizo nayo. Ukiona apu ya zamani haionekani dukani kwenye tableti chunguza hapo hapo, maana apu inayolenga API 20 (namba ya toleo la Android) kushuka chini, ukiomba tu ruhusa ya FINE duka linachukulia kwamba unataka GPS.

Kwa nini ile ya kwanza inachelewa. Simu yenye laini inaletewa taarifa za setilaiti kwa njia ya mtandao, sekunde chache ishajua zilipo. Tableti yako iko nje bila intaneti inabidi izisikie taarifa hizo kutoka kwenye setilaiti zenyewe, na kila setilaiti inarudia taarifa za njia yake kila sekunde 30, polepole sana, na ikikatwa katikati, mtu kasogea chini ya mti au kaikumbatia tableti kifuani, inangoja mzunguko mwingine. Ile orodha nzima ya setilaiti zote inachukua dakika 12 na nusu kuisha. Kwa hiyo waambie wakaguzi wako kabla hawajaondoka wasimame nje ya ofisi, waifai bado inashika, wafungue apu wangoje mpaka ipate, ndo waanze safari. Taarifa zile zinadumu saa chache, kisima cha kwanza kitapatikana haraka.

Sasa ile uliyoona ofisini haikuwa GPS, na ndo sehemu ninayotaka uielewe vizuri maana inaeleza na lile paa lako. Tableti inaangalia ruta zote zinazosikika jirani, haijiungi nazo, inasoma tu anwani ya kila ruta na nguvu ya mawimbi yake, inatuma orodha hiyo kwenye seva ya Google au ya Apple, seva inasema ruta hizi tunazijua ziko sehemu fulani. Zimejulikanaje? Simu zenye GPS zimepita hapo zamani zikasikia ruta zile zile zikapeleka habari. Ni teknolojia ya siku nyingi, iPhone ya kwanza kabisa ya 2007 haikuwa na GPS, Januari 2008 ikaongezewa kujua mahali kwa waifai na minara ya simu, databesi ya waifai ilikuwa ya kampuni ya Skyhook, 2010 Apple wakahamia kwenye ya kwao.

Kwa hiyo inahitaji mambo matatu kwa pamoja: waifai imewashwa, ruta jirani zinazojulikana, na intaneti ya kuuliza. Kisimani huna hata moja labda.

Na hata pale inapofanya kazi inaweza kukuongopea kwa moyo mkunjufu. Nilipohama nyumba nilibeba ruta yangu, nikaichomeka sebuleni kwenye nyumba mpya, tableti ya watoto ikawa inasema tuko kwenye nyumba ya zamani, mtaa ule ule, geti lile lile, na kiduara kidogo kabisa cha kujiamini. Ilikaa hivyo wiki kadhaa. Simu yangu iko mezani pembeni yake inasema kweli kwa sababu ina GPS, tableti inang'ang'ania kwa mwenye nyumba wa kwanza. Hakuna kodi iliyokosea hapo, ruta ilihama na databesi ilikuwa haijapata habari.

kimya_kimya

Naongezea upande wa Android kidogo.

getLastLocation haitafuti kitu, inakupa iliyokuwa imehifadhiwa kama ipo, tableti ikizimwa ikawashwa unapata null na hiyo ni kawaida kabisa. Tumia getCurrentLocation au omba apdeti kisha uzifunge ukishapata ya kukutosha, na weka muda wa kungoja mrefu kuliko ulivyozoea kwenye simu, mimi naweka dakika mbili na nusu nikiwa najua GPS ipo na namwonyesha mtu sekunde zinavyokwenda asidhani apu imekufa. Kama getAllProviders, orodha ya vyanzo vya mahali vya kifaa, haina "gps" usimngojeshe mtu bure, mwambie mara moja.

Kuanzia Android 12 mtumiaji anaweza kukupa mahali pa makadirio tu hata kama umeomba pa uhakika, na makadirio yale ni eneo la kama kilomita 3 za mraba. Lazima uombe FINE (pa uhakika) na COARSE (pa makadirio) kwa mkupuo mmoja, ukiomba FINE peke yake mfumo unaweza kulipuuzia ombi lako. Ukija hapa kusema GPS mbovu kumbe mkaguzi alibonyeza makadirio siku ya kwanza na hakuna aliyemweleza tofauti yake, utatafuta mchawi mwezi mzima.

Halafu kama tableti hazina huduma za Google, mara nyingi hiyo njia ya waifai haipo. Zamani tulikuwa tunazielekeza kwenye databesi ya Mozilla lakini ile ilifungwa 2024, maktaba za zamani zinazoitegemea zinashindwa kimya kimya.

swiftbinti

Kaka pole sana kwa hilo paa, na mimi lilishanitokea na iPad.

Ile `location` unayoisoma ni ya mwisho kujulikana. Ilipatikana ofisini asubuhi wakati wanasubiri gari, basi mchana kutwa inakurudishia hiyo hiyo. Haijakuficha kitu, ina saa yake ndani, ni wewe hukuiuliza. Kila mahali unapopokea angalia vitu viwili kabla hujagusa latitudo: `timestamp` na `horizontalAccuracy`. Mimi ikizidi sekunde 30 naitupa. horizontalAccuracy ikiwa hasi ujue latitudo na longitudo hazifai kabisa, ikiwa chanya ni nusu kipenyo cha duara kwa mita, yaani mtu yuko mahali fulani humo ndani. Tumia requestLocation ikutafutie mpya, na kosa la kCLErrorLocationUnknown kwenye iPad ya waifai ukiwa porini ndilo jibu sahihi kabisa, inakuambia sijui. Lipokee hivyo, mwonyeshe mkaguzi maneno yanayoeleweka. Nimeona watu wanalimeza kosa hilo wanaweka ya zamani ili fomu isigome, na hapo ndo mapaa yanapozaliwa.

Tena kuna kishawishi cha kuandika "gps" kwenye UIRequiredDeviceCapabilities, orodha ya vitu ambavyo apu inadai kifaa kiwe navyo. Usifanye. Duka litazizuia iPad zote za waifai na wenye tableti hizo ndo watu wako. Andika hiyo tu kama apu bila GPS haina maana yoyote, kama ya kuongoza gari barabarani.

Spidi na uelekeo usivitegemee pia. Mahali pa waifai hapaji na spidi, iOS inakupa namba hasi na kwenye Android hasSpeed inasema hapana. Niliwahi kukuta apu inachora mshale wa mtu anakoelekea, kwenye iPad mshale umeganda kaskazini siku nzima na watu wanaufuata.

pampu_na_kodi

Nawashukuru mno, leo nimeshinda nje na tableti tatu, moja ya kila aina, kwenye buti la gari.

hasSystemFeature imejibu: Android ya kwanza ndiyo, ya pili hapana. Kwa hiyo nukta_bluu umepatia bila hata kuziona. Nimebadilisha kodi nikaweka maandishi makubwa juu ya skrini yanayoonyesha duara na umri wa mahali. Nilisimama kisimani uwanja wazi nikiwa sijaiwasha ile ya kwanza tangu jana: kimya sekunde 50 hivi, ikaja mita 48, ikashuka 20, 11, ikatulia 5. Nikasogea chini ya mwembe ulio pembeni ikapanda tena mpaka 17. Nilikuwa sijawahi kuiona namba hii ikicheza, mwaka mzima nahifadhi latitudo na longitudo tupu, sijui hata zile za kwenye simu zipi zilikuwa za mita 5 na zipi za mita 500. Hilo limeniuma zaidi ya tableti zenyewe.

iPad imesema haijui, kama dada swiftbinti alivyosema. Nikajaribu kuwasha hotispoti ya simu nikidhani intaneti ikiwepo itapata, wapi, intaneti ipo lakini jirani hakuna ruta ya kuulizia. Nikafungua ukurasa wetu wa majaribio kwenye kivinjari cha ile Android ya pili, huo ndo ukaniweka mji mwingine kabisa na accuracy ikasoma mita elfu ishirini na kitu. Hiyo imetoka wapi tena?

nukta_bluu

Hiyo ni anwani ya IP mkuu. Kivinjari kikikosa ruta kinaweza kukisia kwa anwani uliyopewa na mtandao wako, unapata mji ambao mtandao umejisajilia, siyo ulipo wewe, na mtu akiwasha VPN anaweza kuwa bara jingine. Ila angalia, ilikuambia ukweli wake, elfu ishirini. Aliyekosea angekuwa ni anayechora nukta nyembamba kwenye ramani bila duara lake.

mita_tatu

Mimi siandiki apu, kazi yangu ni upimaji wa ardhi, nasoma tu humu. Kuna vipokezi vidogo vya GPS vya Bluetooth, kinakaa mfukoni au juu ya kofia, tableti isiyo na GPS inakitumia. Kwa iPad lazima kiwe kile kilichotengenezwa kukubalika na iPad, kingine hakitazipa apu mahali kwa njia ya kawaida. Kikikubalika huna kodi ya kuongeza, mahali panakuja kwenye CLLocationManager ile ile, na tangu iOS 15 unaweza kusoma kwenye sourceInformation kama pametoka kwenye kifaa cha nje.

Kwa Android nina onyo. Vipokezi vingi vinaingia kwa apu ya pembeni inayowekwa kwenye mipangilio ya wasanidi kama mahali pa kuigiza, kwa hiyo mfumo unapaita pa bandia. Apu mbili nilizopewa na wateja zilikuwa zinakataa pa bandia ili kuzuia udanganyifu, zikawa zinakikataa kipokezi changu kizuri zikikubali mahali pa waifai pa mita 80. Kama una isMock au isFromMockProvider, zinazouliza kama mahali ni pa bandia, kwenye kodi yako fikiria kwanza hapo.

Ila kabla hujanunua kitu chochote naomba nikuulize. Visima ni vipya kila siku au mnarudi vile vile?

pampu_na_kodi

Tunarudi vile vile mkuu, kila kisima mara mbili kwa mwaka. Vipya ni vichache sana. Vina namba imechorwa kwa rangi kwenye zege.

mita_tatu

Basi kisima hakitembei. Unakitafuta kila safari kwa nini? Mahali pake panapimwa mara moja, na kifaa kizuri, mtu ametulia dakika tatu, panaandikwa kwenye rejista. Baada ya hapo mkaguzi anaingiza namba iliyopo kwenye zege na apu inajua iko wapi hata ikiwa gizani. Kwenye upimaji hatupimi upya alama ya mpaka kila tukipita, tunaisoma namba.

swiftbinti

Hii ya mita_tatu ndo jibu jamani, mimi nilikuwa nimezama kwenye kodi sikuiona.

Kaka ukifanya hivyo tenganisha mambo mawili kwenye databesi yako: mahali pa kisima, na mahali tableti ilipokuwa wakati fomu inajazwa. La kwanza linatoka kwenye rejista. La pili ni ushahidi tu, linaweza kuwa tupu na liruhusiwe kuwa tupu. Na kila ukihifadhi la pili weka pamoja nalo duara, saa, na lilitoka wapi, GPS au waifai au mtu kavuta pini kwa mkono kwenye ramani uliyoipakua mapema. Pini ya mkono usiidharau, mtu anayeona njia panda na mti mkubwa kwenye picha ya setilaiti anaweka vizuri kuliko waifai.

Na waelezeni wakaguzi kwa maneno ya kawaida kwamba tableti inarekodi walipo na ni wakati gani. Ombi la ruhusa liandikwe "ili kuonyesha fomu hii ilijazwa karibu na kisima gani", lisiandikwe "apu inahitaji mahali pako". Anayeelewa anaruhusu pa uhakika, asiyeelewa anabonyeza makadirio, na ana haki.

kimya_kimya

Naunga mkono. Na usiombe ruhusa ya nyuma ya pazia kabisa, ACCESS_BACKGROUND_LOCATION huihitaji kwa kazi hii, mtu anabonyeza kitufe akiwa anaiangalia skrini. Kwanza ikiwa nyuma tangu Android 8 unapewa mahali mara chache tu kwa saa, haikusaidii kitu.

pampu_na_kodi

Nimerudi na majibu, samahani nimekawia siku tano.

Rejista nimeijenga kutoka kwenye data za simu za mwaka jana. Kwa kuwa sikuhifadhi duara nilichukua ziara zote za kisima kimoja nikaziweka pamoja kwenye ramani, zikikubaliana ndani ya mita 15 nakipitisha, zikitofautiana nakitia alama kipimwe upya. Vingi vimepita. Vilivyobaki watapima kwa ile Android ya kwanza kwa sababu sasa inaonyesha duara likishuka na kitufe cha kuhifadhi hakifunguki mpaka lifike mita 10.

Wale wenye iPad na Android ya pili wanaingiza namba, wanaona jina la kisima na kipande cha ramani, wanathibitisha. Mahali pa tableti pakipatikana panaingia kama ushahidi, pasipopatikana inaandika "haikupatikana" na fomu inaendelea. Mkaguzi mmoja mama mtu mzima kaniambia zamani apu ikizunguka alikuwa anatembea huku na huku ameinyanyua juu kama anatafuta mawimbi ya redio, akidhani yeye ndo anakosea.

Vile 14 vya juu ya paa nimevirudia kimoja kimoja kwa picha. Kumi na mbili namba ya kwenye zege inasomeka pichani nikavilinganisha na rejista. Viwili rangi imefutika, picha ni zege tupu na mkono wa pampu. Kesho asubuhi mkaguzi wa njia hiyo anavirudia, anabeba Android ya kwanza na kopo la rangi.